Niambieni maji yenu machafu yanakwenda wapi

Nina miaka tisa katika ufundi bomba kwenye hoteli za mashariki ya Unguja. Sita nilikuwa nimeajiriwa mahali pamoja. Sasa huitwa pale panapoharibika kitu. Kazi hii humpitisha mtu mahali ambapo mgeni hapiti, na mara nyingi hata mwenye mali hapiti: nyuma ya jiko, chini ya mabafu, ndani ya chumba cha pampu, juu ya mfuniko wa karo, yaani shimo la maji machafu. Ndiyo maana nikisikia hoteli inajinadi kwamba inajali mazingira, nina maswali mawili tu. Maji mnayotumia yanatoka wapi? Na yakishatumika yanakwenda wapi?

Sisemi mengine hayana maana. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, miaka kumi na tatu kabla ya Tanzania Bara, na hoteli iliyoacha mirija na vichupa vya plastiki imefanya jambo jema. Lakini chupa ikitupwa pwani tunaiona, na mtoto wa skuli anaweza kuiokota. Maji ya karo hakuna anayeyaona.

Huku kwetu hatuna mto. Tunaishi juu ya maweni, jiwe la matumbawe ya kale lililojaa matundu. Mvua ya masika na ya vuli hupenya humo, ikashuka, ikatulia juu ya maji ya bahari yaliyopo chini, kwa sababu maji ya mvua ni mepesi kuliko ya chumvi. Tabaka hilo jembamba ndilo tunalochota sote, wanakijiji na hoteli. Ukivuta kwa kiasi, linadumu. Ukifunga pampu kubwa ikavuta usiku na mchana, bahari inapanda kutoka chini, na kisima kikishaingia chumvi hakirudi kwa mvua ya msimu mmoja.

Na wageni wengi wanakuja lini? Juni hadi Oktoba, kisha Disemba hadi Februari. Yaani kipupwe na kiangazi, wakati mvua ni haba. Mwaka 2023 walifika zaidi ya 600,000, na 2024 wakapita 700,000, katika visiwa ambavyo sensa ya 2022 ilihesabu watu wasiofika milioni mbili. Nafurahi wanakuja, kwani ndio wanaonilisha. Ila kila mmoja wao anaoga.

Shangazi yangu anaishi Jambiani, kijiji cha pwani hii hii. Nilipokuwa mdogo tulikunywa maji ya kisima chake bila kuchemsha. Miaka michache iliyopita nilimtembelea, hata sijamaliza kusema shikamoo akanipa kata: "Onja, mwanangu, kisha uniambie." Yalikuwa ya chumvi. Siku hizi anafulia tu. Ya kunywa anasubiri mfereji, na mfereji una siku zake. Siwezi kunyoosha kidole kwa hoteli moja, kwa sababu visima virefu vimechimbwa vingi na kila mmoja anavuta kwa nafasi yake. Hilo ndilo linaloniuma: wengi wamechota kidogo kidogo, na aliyebaki na maji ya chumvi ni yeye.

Mwaka 2012 shirika la Tourism Concern la Uingereza lilitoa utafiti juu ya vijiji vya utalii hapa Unguja. Kaya nzima ilikuwa ikitumia wastani wa lita 93.2 kwa siku. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilifika hadi lita 3,195. Watu wanaposikia takwimu hizo hudhani mgeni ni mfujaji mno, anaoga mara kumi. Siyo. Maji mengi yanakwenda kwenye bustani ya majani ya kukatwa ambayo haikuumbwa kwa ardhi ya maweni, kwenye bwawa la kuogelea, kwenye dobi la mashuka, na kwenye vyoo vinavyovuja. Choo kimoja kinachotiririka kimyakimya kinaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku, na hakuna atakayelalamika, kwa sababu mgeni anakiona kinafanya kazi.

Sasa upande wa pili. Pale nilipoajiriwa, karo lilikuwa shimo lenye kuta za matofali lakini chini halikutiwa sakafu. Miaka yote sita halikujaa. Meneja alilipenda, kwani hakuwahi kulipia gari la kunyonya. Mimi lilinitia hofu. Vyumba arubaini, jiko, dobi, na karo halijai! Yale maji yalikuwa yanapita kwenye matundu ya jiwe kwenda visimani na baharini, hatua chache kutoka pale akinamama wanapofunga mwani. Mwani unakufa zaidi kwa joto la bahari, hilo akinamama wenyewe wanalijua. Lakini maji ya karo ni mbolea: yanakuza majani yanayofunika matumbawe, na matumbawe yakifa samaki wanahama. Nilimweleza meneja. Akasema mwakani. Mwakani akawa meneja mwingine.

Anayetaka kuona kwamba inawezekana kufanya vingine aende Chumbe, kisiwa kidogo kusini ya Mji wa Zanzibar, chenye mnara wa taa wa mwaka 1904. Mwamba wake ulitengwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na miongoni mwa walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa maeneo hayo hayo. Nilipofika, wenzangu walikimbilia kuzamia. Mimi nilikwenda kutazama mapaa. Kuna mabanda 7 tu ya wageni, na kila paa limejengwa likusanye mvua, ikachujwa na kushuka kwenye birika lililo chini ya sakafu. Kisima hakuna. Choo hakivutwi kwa maji, kinatengeneza mboji. Maji ya kuogea hupita kwenye kitalu cha mimea inayokunywa mbolea yake kabla hayajafika popote. Umeme ni wa jua. Nilisimama pale kama mtu aliyeonyeshwa jibu la hesabu iliyomshinda kwa miaka.

Najua nitaambiwa: Chumbe ni ghali na ni ndogo, hoteli ya vyumba mia mbili haiwezi. Vyoo vya mboji kwa watu mia nne, hapana, sibishi. Lakini hoteli ya ukubwa huo ina uwezo wa kujenga mtambo wa kusafisha maji machafu na kumwagilia bustani kwa maji hayo hayo, na ikifanya hivyo inapunguza kuvuta kisimani. Wengine wanakimbilia mashine za kutoa chumvi kwenye maji ya bahari. Ni sawa, ila zinakula umeme mwingi, na maji mazito ya chumvi yanayobaki wakiyamwaga karibu na ufukwe wametuhamishia tatizo baharini.

Nyumba ndogo za wageni, zenye vyumba sita au kumi na mbili, ndizo hasa ninazotaka zinisikie, kwa sababu huambiwa kwamba mambo haya ni ya matajiri. Chukua hesabu ya fundi: paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 linakupa lita 1,000. Masika moja inajaza simtanki zako zote zikamwagika. Bomba la kuogea la kutoa maji kidogo ni bei ya chakula cha jioni cha mgeni mmoja. Maji ya bafu yapelekwe kwenye migomba na mipapai. Ya choo yaende kwenye karo lenye sakafu, hata kama litajaa na itabidi kulipia gari. Na mita: weka mita kila jengo, usitegemee ile moja ya mlangoni.

Nikiitwa mahali papya siku hizi, naomba kulala hapo usiku mmoja. Saa nane za usiku, wageni wote wamelala na dobi limefungwa, nakwenda na tochi kutazama mita. Mwezi uliopita, kwenye nyumba moja ya vyumba tisa, niliikuta inazunguka. Mwenyewe alitoka na kanga yake mabegani, tukasikiliza chumba kwa chumba hadi tukafika kile cha mwisho, ambacho hakikuwa na mgeni kwa wiki tatu. Choo kilikuwa kinatiririka. Mpira wa kuzibia ulikuwa umechakaa, na mfukoni nilikuwa nao mwingine.