Kanada: Nani Ashike Rungu la Kumwondoa Kiongozi wa Chama?

Tarehe 6 Januari 2025, Justin Trudeau alitoka nje ya makazi yake mjini Ottawa, akasimama kwenye baridi mbele ya vipaza sauti na kutangaza kwamba angeachia uongozi wa Chama cha Liberal na uwaziri mkuu mara tu mrithi wake atakapopatikana. Wachambuzi wengi walilisimulia tukio hilo kama mwisho wa mtu mmoja aliyewachosha wapiga kura baada ya miaka 9 madarakani. Simulizi hiyo si ya uongo, lakini inaacha pembeni jambo lenye uzito zaidi. Kwa miezi kadhaa kabla ya siku ile wabunge wengi wa chama chake walikuwa wameshaona kinakoelekea, na hawakuwa na utaratibu wowote wa kumwambia kwamba sasa basi. Swali la nani mwenye haki ya kumwondoa kiongozi, wabunge wenzake au wanachama waliomchagua, linaeleza siasa za Kanada za miaka hii kuliko tabia ya mwanasiasa yeyote mmoja.

Kanada ilirithi mfumo wake wa bunge kutoka Uingereza, na kwa muda mrefu viongozi wa vyama walipatikana kwa njia ya Waingereza wa zamani, yaani wabunge na wakubwa wa chama walikaa wakakubaliana. Mambo yaligeuka mwaka 1919. Wilfrid Laurier, kiongozi wa Liberal, alifariki mwezi Februari, na wabunge wa Liberal waliosalia baada ya mpasuko wa 1917, uliotokana na suala la kuwaandikisha watu jeshini kwa lazima, wengi wao walitoka Québec. Kuwaachia hao peke yao wamchague kiongozi kungekuwa sawa na kukiri kwamba chama kimebaki cha mkoa mmoja. Ndipo mkutano mkuu wa wajumbe kutoka kila pembe ya nchi, uliofanyika mwezi Agosti, ukamchagua William Lyon Mackenzie King. Wapinzani wao wakuu, chama cha Conservative, nao wakafuata mkondo huo mwaka 1927 walipomchagua R. B. Bennett mjini Winnipeg. Tangu hapo mlango umezidi kupanuliwa: kutoka kwa wajumbe hadi kwa wanachama wote, na kwa upande wa Liberal, kutoka kwa wanachama walipa ada hadi kwa yeyote anayejiandikisha bure.

Matokeo yake, ukiyatazama kwa karibu, yanashangaza kidogo. Machi 2025, katika uchaguzi wa ndani uliopigwa kura takriban 152,000, Mark Carney alitwaa uongozi wa Liberal kwa asilimia 85.9, na siku 5 baadaye akaapishwa kuwa Waziri Mkuu wa taifa la watu zaidi ya milioni 40. Hakuwa mbunge, wala hakuwa amewahi kuchaguliwa na wananchi kushika wadhifa wowote. Sifa zake zilikuwa ugavana wa Benki Kuu ya Kanada na baadaye wa Benki Kuu ya Uingereza. Kijana wa miaka 14 mwenye ukaazi wa kudumu, pengine mtoto wa familia ya Wakongo iliyopokewa kama wakimbizi, aliruhusiwa kushiriki kumpata Waziri Mkuu huyo, ingawa sheria ya uchaguzi isingemruhusu kumchagua mbunge wa mtaani kwake.

Hata hivyo, hoja ya kuwaachia wanachama si dhaifu. Kanada ni nchi ya mikoa inayotiliana shaka, na kambi ya wabunge wa chama chochote huwa haiakisi nchi nzima. Liberal hupata viti vichache mno Alberta na Saskatchewan, na Conservative huambulia patupu mjini Montréal. Kama wabunge peke yao ndio wenye kauli, mfuasi wa Liberal aliyeko Calgary hana sauti kabisa katika chama chake. Kwa sababu hiyo Conservative, katika uchaguzi wa kiongozi, hugawa pointi 100 kwa kila jimbo la uchaguzi lenye wapiga kura wa kutosha, ili maeneo yaliyojaa wanachama yasiyameze yale yenye wanachama wachache. Kuna pia hoja ya utulivu. Australia, ambako kambi ya wabunge ilikuwa na uwezo wa kumng'oa kiongozi kwa mkutano mmoja, ilishuhudia mawaziri wakuu 4 wakiangushwa na wenzao kati ya 2010 na 2018: Rudd, Gillard, Abbott na Turnbull. Mwananchi aliyempigia mtu kura Jumamosi na kumkuta ameondolewa kabla ya muhula kwisha ana haki ya kuuliza kura yake ilikwenda wapi.

Upande wa pili wa mizani una uzito ambao, kwa maoni yangu, unazidi. Mwanachama hupiga kura mara moja na kurudi nyumbani. Hana anayemwajibisha wala hamwoni kiongozi akifanya kazi. Mbunge humwona kila wiki, naye mwenyewe amechaguliwa na maelfu ya watu ambao wengi wao hawana kadi ya chama chochote. Uingereza ilionja tofauti hiyo mwaka 2022, pale wabunge wa Conservative walipomweka Rishi Sunak mbele na wanachama wakamtaka Liz Truss, aliyedumu madarakani siku 49 tu. Tena mamlaka yatokayo kwa wanachama humfanya kiongozi awe juu ya wabunge wake. Aprili 2019, Jody Wilson-Raybould na Jane Philpott, mawaziri wa zamani walioukosoa uongozi katika sakata la madai ya kuingilia kesi ya jinai ya kampuni ya SNC-Lavalin, walifukuzwa kwenye kambi ya Liberal kwa tangazo la Trudeau, bila kura ya siri ya wabunge wenzao. Mtu anayeweza kukufukuza ilhali wewe huwezi kumgusa si mwenzako wa kwanza miongoni mwa walio sawa, kama nadharia ya mfumo wa bunge inavyodai.

Mbunge wa Conservative Michael Chong aliliona tatizo hilo mapema, na muswada wake binafsi ukawa sheria mwaka 2015. Sheria hiyo inasema kwamba asilimia 20 ya wabunge wa chama wanaweza kuitisha kura ya siri ya kumpima kiongozi, na wengi wakimkataa, anaondoka. Lakini ili ipite ilibidi ichujwe hadi ikawa ya hiari: kila kambi huamua, katika kikao chake cha kwanza baada ya uchaguzi mkuu, kama itajipa uwezo huo au la. Yaani wabunge wanaulizwa kama wanataka rungu siku ambayo kiongozi, akiwa ameshinda, ndiye anayegawa uwaziri. Ajabu ni kwamba kuna waliothubutu kusema ndiyo.

Conservative walisema ndiyo baada ya uchaguzi wa 2021, na tarehe 2 Februari 2022 walimwondoa Erin O'Toole kwa kura 73 dhidi ya 45. Hapa sharti nikiri kwamba mfano huu hauniungi mkono moja kwa moja. O'Toole alikuwa ameshindwa uchaguzi, lakini chama chake kilipata kura nyingi kitaifa kuliko Liberal, asilimia 33.7 kwa 32.6, na mojawapo ya makosa yake machoni pa waliomng'oa lilikuwa kusogea katikati na kukubali kutoza bei ya hewa ukaa. Wabunge wanaweza kuwa na mtazamo mwembamba kuliko taifa. Kisha mrithi akachaguliwa na wanachama, na Pierre Poilievre akashinda raundi ya kwanza kwa asilimia 68 ya pointi. Rungu la wabunge lilifungua njia, lakini aliyepita si wao waliomchagua.

Liberal hawakuwa na rungu hilo, na mwaka 2024 ukawaumbua. Mwezi Juni walipoteza uchaguzi mdogo wa Toronto–St. Paul's, ngome yao ya miaka mingi, na Septemba wakapoteza LaSalle–Émard–Verdun mjini Montréal. Oktoba, wabunge wapatao 24 walitia saini barua ya kumtaka Trudeau aondoke. Kuna wanaosema idadi hiyo inathibitisha kwamba sheria ya Chong isingesaidia, maana asilimia 20 ya kambi yao ilikuwa wabunge 30 hivi. Siikubali hesabu hiyo. Kutia saini barua isiyo na nguvu ya kisheria ni kujianika bure. Kutia saini hati inayolazimisha kura ya siri ni jambo jingine, na waoga wengi hupata ujasiri wakijua kwamba mambo yataishia kwenye sanduku la kura. Barua ilisomwa, kikao kikaisha, Trudeau akabaki.

Kilichomwondoa hatimaye ni kujiuzulu kwa Chrystia Freeland, Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Fedha, tarehe 16 Desemba, siku ileile aliyotakiwa kuwasilisha taarifa ya uchumi. Kuanzia hapo kila kitu kilifanywa kwa haraka: vikao vya bunge vikasitishwa hadi tarehe 24 Machi ili chama kipate muda wa kumtafuta kiongozi, wakati Donald Trump akiapishwa Washington tarehe 20 Januari huku akitishia ushuru na kuiita Kanada jimbo la 51 la Marekani. Nchi ilikabili tishio kubwa kwa uchumi wake ikiwa na Waziri Mkuu anayefungasha na bunge lililofungwa. Mpinzani wangu atasema: lakini Liberal walishinda! Ni kweli, walipata viti 169 kati ya 343 katika uchaguzi mkuu wa tarehe 28 Aprili 2025, baada ya kuwa nyuma kwa zaidi ya asilimia 20 katika kura za maoni za Januari. Ila ushindi huo ulibebwa na hasira ya Wakanada dhidi ya Trump, na hakuna chama kinachoweza kuomba msaada wa namna hiyo kila kinapochelewa.

Poilievre anatoa mfano unaonivutia zaidi. Chama chake kilipata asilimia 41.3 ya kura, na bado akashindwa hadi jimboni kwake Carleton, kiasi kwamba mbunge mmoja wa Alberta alimwachia kiti cha Battle River–Crowfoot, naye akashinda uchaguzi mdogo wa tarehe 18 Agosti. Mwezi Mei wabunge wake walikuwa wamejipa tena uwezo wa kumwondoa, lakini hawakuutumia. Wanaohofia mapinduzi ya kila wiki kama ya Australia wautazame uvumilivu huo. Pengine ni busara, pengine ni kuwaogopa wanachama wanaompenda. Kwa vyovyote, kiongozi anayejua kwamba rungu liko mezani huongea na wabunge wake kwa sauti nyingine.

Msimamo wangu ni kwamba wanachama waendelee kuchagua, kwa sababu ile ile ya mwaka 1919, na wabunge wawe na uwezo wa kuondoa kwa mujibu wa sheria inayovibana vyama vyote, si kwa hiari. Liberal wameamua vingine. Mei 2025, wakiwa bado na furaha ya ushindi, wabunge wao waliupigia kura ya hapana utaratibu wa Chong, na nafasi nyingine haitakuja hadi baada ya uchaguzi mkuu ujao. Carney akiyumba kabla ya hapo, watarudi kwenye zana zile zile za 2024: barua, minong'ono kwa waandishi wa habari, na kumsubiri waziri mmoja mzito ajiuzulu kwa kishindo.