Miaka sita nisubiri nini? Coudoulet naifungua leo

Kuna muuza waini mmoja huku Lyon, Ufaransa, aliniangalia kama nimemtukania mama, nilipomwambia chupa hii naifungua leo leo jioni. Coudoulet de Beaucastel, nyekundu, bado changa kabisa, yeye anataka niiweke kwanza miaka mitano sita hivi. Niiweke wapi? Naishi chumba kimoja bana, kabati lenyewe limebanana na hita.

Mi nasema hivi, hii waini ukiinywa changa hujakosea kitu. Familia ya Perrin, wenye shamba, wana ile Beaucastel kubwa, ya eneo lenye jina la Châteauneuf-du-Pape, aina 13 za zabibu, hiyo sawa, mwenye subira aisubiri. Coudoulet iko ng'ambo ya barabara kuu ya A7, nje ya mpaka wa Châteauneuf, kwa hiyo kwenye lebo inaandikwa Côtes du Rhône tu, jina la jumla la waini za bonde la mto Rhône, na bei haifiki hata nusu ya kaka yake. Halafu cheki hii, mwaka 1549 bwana mmoja Pierre de Beaucastel aliponunua banda na ardhi, karatasi ilisema ni pale Coudoulet. Mdogo mtu ndo mwenye jina la zamani!

Na hawa kilimo hai hawajakidandia juzi. Nembo ya AB, ile ya kilimo hai ya Ufaransa, ilikuja 1985, wao wanahesabu tangu 1950, enzi za Jacques Perrin. Sasa watu wakisikia kilimo hai wanadhani shambani hapapulizwi kitu, hapana, wanaruhusiwa mrututu, ambao una shaba, na salfa, salfa ileile ya mikorosho ya Mtwara, maana ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa majani, haujali we Mfaransa au Mmakonde, ila Ulaya imeweka kikomo, kilo 28 za shaba kwa hekta ndani ya miaka 7, basi. Tena upande ule wa Rhône wana msaada wa bure, upepo wa mistral, ukianza kuvuma majani yanakauka kau, ukungu unakosa pa kukaa.

Haya, kinywani. Nusu saa ya kwanza nikasema kimoyomoyo yule jamaa alikuwa sahihi, maana ukakasi wake ni kama umeng'ata bibo bichi, ulimi wote unakauka. Hiyo ni tanini, na mourvèdre ndo mwenye kesi, zabibu ya ganda nene. Lakini nikaimimina kwenye jagi nikaendelea kuchoma mbavu za kondoo, niliporudi ilishalegea, matunda meusi, pilipili manga, kitu kama majani makavu ya porini, na mafuta ya kondoo yakamalizia ule ukakasi wote. Mimi niliyekulia kwenye Dompo, waini ya kwetu Tanzania, sukari mpaka meno yanauma, sikutegemea kuipenda waini kavu hivi, yaani isiyo na sukari.

Kama uko Dar, usidanganyike na ile habari ya kuinywa kwa joto la chumba, chumba waliomaanisha ni cha Ulaya, kina baridi. Itupie kwenye friji nusu saa kwanza, ikiwa vuguvugu utasikia spiriti tu.

Nilibakiza glasi moja nikaifunga kwa kizibo chake. Kesho yake ilikuwa laini kuliko jana, nzuri vibaya mno, nikainywa nimesimama palepale jikoni hata chakula hakijaiva.