Jioni ya teknolojia skulini, wazee waje kutizama kompyuta au waje na simu zao?

Kuna wazo linazunguka kwenye kamati za skuli huku kwetu Pemba, kwamba skuli ya msingi iwaite wazee pamoja na watoto wao jioni moja, wakae chumba cha kompyuta, watoto waoneshe wanachosomeshwa na wazee nao waondoke na chochote kichwani. Wengine wamelipokea kwa mikono miwili, wengine wanasema ni kupotezeana wakati. Mie nataka lifanyike, nalisema mapema kabisa, lakini si kwa namna linavyopangwa, na hawa wanaolipinga wana mambo ya kweli wanayoyasema khalafu watu wanawapuuza.

Tuanze na wanaolitaka. Skuli za ghorofa zinazojengwa miaka hii Unguja na Pemba nyingi zina chumba cha kompyuta, walimu walipewa vile vishikwambi vya sensa ya 2022, na umeme tangu uje waya wa baharini kutoka Tanga 2010 hatutegemei tena majenereta ya Wesha. Yani vifaa vipo japo havitoshi. Lakini mzee anajua mle ndani kinafanyika nini? Hajui. Anachokiona yeye ni mtoto kakaa barazani na simu ya kaka yake anacheza gemu, kwa hiyo kwake yeye teknolojia ni gemu na TikTok basi, siku mtoto akisema naomba bando nikafanye kazi ya skuli haaminiwi hata kama anasema kweli.

Na kuna zoezi moja ambalo halitaki hata kompyuta. Mtoto anafanywa roboti, anasimama mlangoni, mamaake anapewa karatasi aandike amri: hatua nne mbele, geuka kulia, hatua mbili, chukua chaki. Mtoto anafuata vile vile alivyoandikiwa, haongezi wala hapunguzi. Mama kasahau kuandika "inama", basi mtoto anabaki anakamata hewa juu ya meza, darasa zima linacheka, mama anairudia karatasi yake mstari kwa mstari kutafuta wapi pamekosekana. Huko ndiko kuprogramu kwenyewe, na hapo kuna mtu hajagusa kibodi maisha yake. Ukimuonesha Scratch baada ya hapo, ile programu ya watoto waliyoitoa chuo kikuu cha MIT kule Marekani 2007, anaona mara moja kwamba vile vipande vya rangi vinavyopangwa ni zile zile amri zake za hatua nne mbele. Scratch ukishaiweka kwenye kompyuta inafanya kazi bila ya neti, na Kiswahili kimo, unabadilisha lugha tu. Hili la Kiswahili kwetu ni kubwa mana Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilizipeleka hesabu na sayansi kwenye Kiingereza kuanzia darasa la tano, na wazee wengi tokea hapo wakaona daftari la mtoto haliwahusu tena. Mama akikaa na mwanawe wakapanga kitu kwa lugha yao wenyewe, hicho peke yake kwangu kinatosha kuitisha watu.

Sasa wanaopinga. Wanauliza jioni ipi, na wana haki ya kuuliza. Mtoto akitoka skuli asubuhi mchana yuko chuoni anasoma Kurani, walioingia mkondo wa mchana ndo kwanza wanatoka, mama aliekwenda mwani karudi kachoka na bado hajapika, Magharibi ikiingia hakuna tena la kufanya mpaka Isha, na baada ya Isha nani atatembea na watoto wadogo njia haina taa. Ukiweka msimu wa karafuu ndo kabisa, utakaa na mwalimu mkuu na mlinzi. Mie naona siku ipo, ni Alkhamis baada ya Alasiri, kwa sababu vyuo vingi vinafunga Alkhamis na Ijumaa, muda wa saa moja na nusu unatosha, kabla ya Magharibi kila mtu yuko kwake. Jina liitwe jioni au lisiitwe jioni si neno.

Linaloniuma zaidi ni la aibu. Kuna mzee hajui kusoma vizuri, kuna mwengine simu yake ni kitochi, halafu umkalishe mbele ya mwanawe na mbele ya jirani zake umwambie haya gusa hapa. Na tayari kuna watu wanapendekeza zawadi kwa familia iliyofanya vizuri! Unajua kabisa zawadi itachukuliwa na nyumba yenye laptopu. Yule mama wa kitochi hatosema kitu, atapiga makofi na wenziwe, ila ukimwita tena haji, na mwanawe kesho skulini ataambiwa maneno. Kwa hili nawaunga mkono wanaopinga asilimia mia, zawadi isiwepo. Na wadhamini pia wasiwepo, mana wakija na miamvuli yao na laini za kuuza wazee watarudi nyumbani na laini mpya na bando la ofa, cha skuli hawatakumbuka hata kimoja.

Lakini ukishazitoa zawadi na wadhamini unabaki na swali, tutawafundisha nini khasa hawa watu? Hapa ndo naachana na pande zote mbili. Wanaotaka wanafikiria kompyuta, wanaopinga nao wanapinga kompyuta, na nyumba nyingi kompyuta haipo na haitakuja mwakani. Simu ndo ipo. Na ndani ya hiyo simu bibi anamwambia mjukuu wa darasa la nne nisomee hii meseji, mtoto anasoma "ile hela itume kwenye namba hii", bibi anauliza hela gani, mtoto anasema "Bibi wacha, hawa matapeli". Huyo ni mtoto mwerevu, yupo mwengine atasoma tu na bibi atatuma. Na namba ya siri ya kutumia hela bibi kaitaja dukani kwa sauti, watu wamejaa.

Basi hiyo Alkhamis kila mtu aje na simu aliyonayo. Abonyeze *106# aone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, hata kitochi kinafanya. Meseji ya utapeli aoneshwe namna ya kuipeleka 15040, namba ya kuripotia matapeli. Abadilishe namba ya siri pale pale mwenyewe, mtoto kageukia ukutani. Mwenye simu kubwa anunue umeme wa Tukuza, huu wa kulipia kabla, kwa mkono wake si kwa mkono wa mwanawe, na wakubaliane wawili hao simu inawekwa wapi usiku na nani anaruhusiwa kuifungua. Mtoto awe msaidizi wa mamaake lakini asiwe mwenye funguo zote za nyumba, mana hivi sasa nyumba nyingi mtoto wa miaka kumi ndie anaejua kila namba.

Wapo watakaosema hii si kazi ya skuli, sheha, mkubwa wa mtaa, yupo, kampuni za simu zipo. Siwakubalii, mama anaingia skuli ya mwanawe bila ya woga na kwa sheha anakwenda akiwa na shida. Ila kuna la walimu, na hili siwezi kulijibu kwa maneno. Mwalimu kasomesha mikondo miwili, darasa limejaa mpaka watoto wanakaa chini, khalafu umwambie Alkhamis abaki mpaka karibu na Magharibi kwa sababu ya moyo wa kujitolea. Kamati zinapenda sana hilo neno la kujitolea wakati anaejitolea ni mtu mwengine. Nauli yake na kitu cha kunywa, na siku ya pili asipewe kipindi cha kwanza, hayo yaandikwe kwenye bajeti kabla ya kuandikwa projekta. Kama hizo hela kamati haina basi isubiri muhula ujao ichange, wazee tukiambiwa tutatoa.