Nyege Nyege ikiisha Jinja inabaki na nini?

Kila Nyege Nyege, tamasha letu la muziki, ikikaribia hapa Jinja, Uganda, watu wanagawanyika, hawa wanasema ifungwe inaharibu watoto, wale wanasema iacheni manake pesa inaingia, na mi naona wote wanaruka swali lenyewe, wageni wakishaondoka mji unabaki na nini?

Angalieni Marciac, kamji ka wakulima kusini magharibi mwa Ufaransa, wakazi kama 1,200 tu. Walianza tamasha la jazz 1978, kidogo kidogo, na leo kila Julai kuingia Agosti watu wanamiminika kwa maelfu, hema kubwa linasimamishwa kwenye uwanja wa raga na katikati ya mji kuna muziki wa bure. Wynton Marsalis, mpiga tarumbeta wa Marekani, karudi mara nyingi mpaka wakamwekea sanamu. Ila kinachonigusa zaidi ni shule yao. Sekondari ilikuwa inaishiwa wanafunzi, mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaanzisha madarasa ya jazz, watoto wakaanza kuja kutoka mbali, shule ikapona. Halafu 2011 wakafungua ukumbi, L'Astrada, muziki haungoji tena Julai.

Kwao pia malalamiko yapo, wapenzi wa jazz hawafurahii mastaa wa pop kupewa jukwaa, na lazima tuseme ukweli, serikali kule inachangia pesa. Tamasha letu la Nyege Nyege lilianza 2015 kwa nguvu za watu binafsi, 2018 waziri wa maadili Simon Lokodo akapiga marufuku kisha likaruhusiwa, 2022 bunge nalo likakataa, waziri mkuu akaruhusu kwa masharti. Sasa kwa hali hiyo nani atapanga kitu cha miaka kumi?

Wazazi wanaoogopa ulevi siwabezi kabisa, hofu yao ni ya kweli. Na mtu wa boda, mwenye gesti, mama wa rolex (chapati ya mayai), hao nao wanapata kweli, lakini ni siku nne tu! Mi naona badala ya kubishana ruhusa kila mwaka, jiji likae na waandaaji liweke sharti moja: walimu wa muziki kwenye shule mbili tatu za serikali hapa Jinja, walipwe mwaka mzima, na siku moja ya tamasha mchana jukwaa liwe la hao watoto, wazazi wao waingie bure.