Kibao pekee hakimwondolei mmiliki wajibu
Makala inadai kwamba mwenye ufukwe binafsi akishaweka kibao cha "Unaogelea kwa hiari yako" hadaiwi chochote mgeni akiumia. Kauli hiyo, kwa maoni yangu, imekwenda mbali mno. Nchini Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1957 inamtaka msimamizi wa eneo kuchukua uangalifu unaofaa ili mgeni awe salama, na kwa sheria ya mwaka 1977 mfanyabiashara hawezi kukwepa kwa tangazo dhima ya kifo au jeraha lililotokana na uzembe wake. Kwa hiyo ngazi iliyooza hapo ufukweni ni mzigo wa mmiliki. Maji yenyewe ni suala jingine: mwaka 2003 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa nchini humo, lilikataa madai ya kijana aliyejirusha kichwa mbele kwenye maji ya kina kifupi ya ziwa palipokatazwa kuogelea, kwa kuwa hatari ilikuwa dhahiri.