Simba wa Mawe na Dagaa wa Mama

Huyu simba yuko Guangzhou, China, juu ubavuni mwa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu wa Yesu, na mpaka leo hatujapatana. Yeye ni wa jiwe, mdomo wazi, na tangu karne ya 19 kazi yake ni moja tu: mvua ikinyesha, anatema. Mimi ni mtu wa Kariakoo. Siku hiyo nilikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, na nilikuwa na dagaa.

Tuanze na dagaa.

Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou kufunga mizigo wengi hufikia upande wa Xiaobei. Mimi nilifikia kwa mama mmoja wa Kitanzania ambaye mchana huwazungusha wageni viwandani, jioni huwapikia. Jumapili hiyo alinikamata mlangoni. "Baba, kanisa si liko Yide Lu? Basi na vitu vikavu vya baharini vinauzwa hapo hapo. Niletee dagaa nusu kilo. Wadogo wadogo, wasiwe na mchanga. Na bei ya kwanza usiikubali hata muuzaji akilia."

Nikamwambia nitawapitia nikitoka misani. Mangi akakataa. Mangi ni Mchaga wa vigae na masinki, mjini Guangzhou yupo kabla ya mimi kujua pasipoti inafananaje, na ndiye aliyekuwa akiniongoza. Kwa maelezo yake, misa ya Kiingereza ya saa tisa na nusu alasiri ikishatoka, nusu ya Afrika inaingia mtaani kwa mkupuo mmoja na wenye maduka wanajua. "Dogo, nunua watu hawajasali." Ndivyo nilivyokwenda kanisani na kitoweo, na naomba ifahamike wazo lilitoka kwa nani.

Yide Lu ni mtaa wa jumla. Upande mmoja midoli na madaftari, upande wa pili bahari nzima imeanikwa: ngisi, kamba, chaza, samaki ambao hata soko la Feri sijawahi kuwaona. Nikayakuta na mabondo, vile vibofu vya samaki, yamepangwa kwenye kioo kwa heshima zote, nikasimama kuyasalimia maana sisi wa nchi ya Ziwa Victoria tunajuana nayo. Dagaa nilimpata kwa mzee mmoja mwenye kalkuleta. Akaandika 50, nikaandika 20, akacheka, nikaondoka, akaniita. Tukamalizana kwenye yuani 40 kwa nusu kilo. Akanitilia kwenye mfuko wa nailoni bila kuufunga, na mimi nikatoka kifua mbele.

Halafu unainua macho, na juu ya hayo maduka ya ngisi kuna minara miwili ya mawe, karibu mita 58 kwenda juu. Wenyeji wanaliita kanisa hili Nyumba ya Mawe, na hawakutia chumvi. Kuta ni granaiti, nguzo ni granaiti, minara ni granaiti mpaka kwenye ncha. Mimi nimekulia Mtakatifu Yosefu ya Dar es Salaam, Zanzibar nimesali Minara Miwili, nilidhani kwa habari ya makanisa ya kizamani nimeshamaliza. Nikabaki nimeshika mfuko tu.

Mangi alipoona nimeduwaa akaanza kunipa historia. Ila Mangi historia haisimulii, anaipigia hesabu.

"Kiwanja hiki," akasema, "kilikuwa makazi ya gavana mkuu wa Guangdong na Guangxi. Mwishoni mwa 1857 Waingereza na Wafaransa wakaupiga mji kwa mizinga, nyumba ikawa kifusi, gavana Ye Mingchen wakamkamata wakampeleka Calcutta, akafia huko 1859. Kiwanja kikaangukia kwa askofu Mfaransa, anaitwa Guillemin. Dalali hakuna, ushuru hakuna." Hapo alishusha sauti, maana bawabu alikuwa anatutazama. Wenyeji wa wakati ule hawakuufurahia utaratibu huo, na walikuwa na haki yao.

"Fedha?" nikauliza, maana ukiwa na Mangi lazima uulize.

"Kaizari Napoleon III. Faranga laki tano. Ramani ikachorwa na Wafaransa. Sasa njoo kwenye mzigo." Macho yakamng'aa. "Granaiti inatoka Kowloon, kule Hong Kong, inakuja kwa mashua. Mashua, dogo! Jiwe! Halafu lichongwe kwa mkono. Wameanza 1863, wamemaliza 1888. Askofu amefariki 1886. Miaka zaidi ya ishirini unafuatilia mzigo, unakufa miwili kabla haujafika." Akatikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. Nadhani alikuwa anakumbuka kontena lake fulani.

Akanipeleka kwenye pembe za jengo kunionyesha mawe ya msingi. Moja limechongwa Jerusalem 1863, jingine Roma 1863, kwa sababu udongo uliletwa kutoka miji yote miwili ukawekwa chini. Mangi aliuliza hewani nani alilipia huo udongo. Halafu akaniambia habari ya fundi, na hapo ndipo simba wanapoingia.

Wafaransa walikuja na michoro, lakini kuchora ni kitu kimoja na kuinua jiwe ni kingine. Aliyewasimamia mafundi mawe mpaka kazi ikaisha ni Mchina wa huko huko Guangdong, Cai Xiao. Makanisa ya mtindo huu Ulaya huwa na midomo ya kutolea maji ya paa, imechongwa majinamizi yenye mabawa na meno ya ajabu. Guangzhou hayakuwekwa majinamizi. Wakawekwa simba, simba wa Kichina kabisa, wale wenye manyoya ya kusokotwa unaowaona milangoni kwa matajiri. Askofu anataka mdomo wa maji, mchongaji anajua simba, basi simba akapanda kanisani. Mimi nilimpenda mara moja. Nilisema hivyo kwa sauti, naye alikuwa hapo juu ananisikia.

Tukiwa ubavuni tunamwangalia, wakaja maharusi. Pale uwanjani hawakosi. Vijana wa Kichina huja kupigwa picha za harusi wakiwa na minara nyuma yao, Wakristo na wasio Wakristo. Bibi harusi alikuwa na gauni lenye mkia unaohitaji kibali cha manispaa. Bwana harusi suti nyeupe, chini raba. Mpiga picha alituona, akafurahi, akatuvuta tuingie kwenye picha. Mangi akajitoa kwa kusema yeye ndiye atakayepiga ya simu. Mimi msaidizi wao akanikabidhi mkia wa gauni. Mkono mmoja gauni, mkono mwingine dagaa.

Mvua ya Guangzhou haina salamu. Jua lilikuwepo, jua likaondoka, tukapigwa. Mpiga picha akapiga kelele na wote wakakimbilia ukutani, katikati ya nguzo mbili nene zinazoegemeza jengo. Bibi harusi akabanwa ukutani, mume kando yake, wasaidizi kando yao. Mimi nilikuwa mwisho wa gauni. Gauni lilikuwa refu. Kwa hiyo nilisimama mbali na ukuta kwa urefu ule ule wa gauni, nimelinyanyua lisiguse chini, natabasamu kwa ajili ya picha.

Simba hakutema papo hapo. Paa lile ni kubwa; maji yanateremka kwanza, yanakusanyika kwenye mfereji, yanatafuta njia. Nilisikia koo la jiwe likigugumia juu yangu. Nikainua uso kuangalia ni nini.

Jamani.

Hayakuwa matone. Ilikuwa bomba la DAWASA limepasuka. Yalinipiga usoni, yakaingia kwenye kola yakatokea kwenye viatu. Bibi harusi, mtoto mwepesi, alilivuta gauni lake kwa mpigo mmoja likaokoka. Mimi nikabaki mikono juu, sina gauni, nina mfuko wa nailoni uliofunguka mdomo, unajaa.

Ukutani hapakuwa na hata mmoja aliyelowa zaidi ya mabega. Na Mangi, amejibanza pamoja nao, simu mkononi, akaona ndio wakati muafaka wa kuendelea na somo. "Unaona? Wamemtoa nje makusudi, maji yaangukie mbali. Yakichuruzika ukutani yanakula chokaa ya kuungia mawe. Huyo fundi hakuwa mchezo!" Miaka zaidi ya 130 yule simba anatupa maji pale pale, na pale pale ndipo nilipopangwa kusimama.

Tukaingia misani.

Mlangoni kulikuwa na bibi wa Kichina wa kupokea waumini, nywele nyeupe, kitambulisho shingoni, kikapu cha sokoni miguuni. Kwa mazoea nikamwambia "Shikamoo." Akanitazama kuanzia kichwani, akateremka, akafika kwenye mfuko, akakaa hapo. Akanipa karatasi za kujifutia. Nikakaa benchi la nyuma.

Dagaa mkavu ana adabu. Dagaa aliyelowa, ndani ya jengo la mawe lililofungwa, na watu mia kadhaa wamejaa joto, hana. Kufikia somo la kwanza akina dada wa Kifilipino waliokuwa kushoto kwangu walikuwa wamesogea. Kufikia zaburi walikuwa wamehama. Niliinua macho kwenye madirisha kujisahaulisha: vioo vya rangi, watakatifu wa buluu na wekundu. Vile vya asili kutoka Ufaransa vingi vilishavunjika katika misukosuko ya karne iliyopita, na kanisa lilipokarabatiwa kati ya 2004 na 2006 vikatengenezwa vipya Ufilipino. Nikawaza hawa dada wametoa vioo, nami nimeleta harufu.

Mganda aliyekaa mbele yangu aligeuka taratibu, macho yana matumaini. "Ssebo, hiyo ni mukene?" Mukene ni dagaa kwa Kiganda; nikatikisa kichwa kukubali. Akamnong'oneza mwenzake. Benchi zima la mbele likajua.

Maji ya mfuko nayo yakapata tundu. Yakatoka chini ya benchi langu, yakapita chini ya la mbele, yakaelekea altareni bila haraka. Nikaona viatu vinainuliwa safu baada ya safu. Padre alipofukiza ubani nilimshukuru Mungu, lakini ubani na dagaa havifutani, vinajumlishana. Kwenye kutakiana amani watu walinipungia mkono kutoka mbali. Kwenye foleni ya komunyo nilikuwa na nafasi ya kutosha mbele na nyuma, na Mangi, aliyenileta, alipanga foleni nyingine.

Misa ilipokwisha nikataka kuchomoka kabla ya wimbo wa mwisho. Yule bibi alikuwa ameshasimama mlangoni. Akanizuia kwa mkono, akaufungua mfuko, akaingiza pua. Akachukua dagaa mmoja, akamtazama kwenye mwanga, akamtafuna. Akaniuliza kitu. Sikuelewa, lakini kusugua kidole gumba na cha shahada kila mfanyabiashara anakuelewa: bei. Nikamwonyesha vidole vinne, halafu ngumi kuwa sifuri.

Uso wake ukabadilika. Akakutanisha vidole viwili vya shahada, akafanya msalaba mbele ya pua yangu. Nikadhani ananiombea. Nikapiga ishara ya msalaba na kuinamisha kichwa. Akakunja uso, akarudia msalaba, halafu akaninyooshea kidole gumba na cha shahada, bastola kabisa. Nikainua mikono juu.

Mangi alikuwa amekaa chini kwenye ngazi, anacheka mpaka machozi. Alipopata pumzi akanieleza kwamba Wachina huhesabu kwa mkono mmoja au miwili namna yao: msalaba ni kumi, bastola ni nane. "Anakwambia dagaa hawa ni yuani 18, dogo. Umepigwa."

Bibi hakusubiri tafsiri iishe. Alinishika mkono wa shati lililolowa akanivuta mpaka Yide Lu, kikapu kinaning'inia, Mangi nyuma na simu yake, nyuma ya Mangi yule Mganda na mwenzake wamefuata mukene. Mwenye kalkuleta alituona tukivuka barabara akasimama kabisa. Yaliyosemwa pale yalikuwa kwa Kikantoni na siwezi kuyaeleza, ila nilimwona bibi akinionyesha mimi, akionyesha minara, akionyesha mbingu, halafu akichota dagaa waliolowa na kuwaweka juu ya kalkuleta. Watu wakajaa. Mwenye duka akajaribu kutabasamu, hakuruhusiwa.

Mwisho wake akapima nusu kilo nyingine, wakavu, akaufunga mfuko kwa fundo, na yuani nne juu. Bibi akahesabu hizo nne mwenyewe kabla ya kunipa. Wale waliolowa akawatia kwenye kikapu chake bila kuuliza mtu. Mganda akanunua kilo nzima kwa bei mpya, akaninong'oneza asante.

Mangi alikuwa kimya muda wote huo. Nilipomtazama nikaona hacheki tena, anafikiri. Akasogea, akainamisha kichwa kwa heshima ambayo sijawahi kuiona kwake, na kwa Kichina chake cha viwandani akamwomba bibi kama Jumatatu angeweza kufuatana naye mpaka Foshan, kwenye kiwanda kimoja cha vigae, akazungumze naye bei.

Bibi akamwangalia kuanzia viatu mpaka kofia. Akakutanisha vidole viwili, akafanya msalaba.

Asilimia kumi.