Kavunjika paja, mbona anaweweseka?

Asubuhi ya siku ya pili baada ya ajali ya bodaboda, mdogo wangu alikuwa analalamika chai haina sukari. Jioni akaniita kwa jina la marehemu babu, akauliza kama ng'ombe wamesharudi. Kilichovunjika ni paja. Kichwani hakuwa na hata mchubuko.

Wodini kila mtu alikuwa na jibu lake. Dawa ya maumivu imempanda kichwani. Pombe inamtoka (hanywi). Shangazi alishaanza kuulizia shehe. Mhudumu niliyemwendea mchana alinijibu, "Amechanganyikiwa tu, atatulia."

Nesi wa usiku ndiye aliyembana kile kidude cha kupima oksijeni kidoleni: asilimia 84, chini mno. Akamfungua shati. Kifuani na kwapani vidoti vyekundu, kama mtu kamchoma na ncha ya kalamu, ukivibonyeza havipotei. Akatoka mbio kutafuta mtungi.

Ndani ya mfupa mrefu kuna uboho, na wa mtu mzima umejaa mafuta. Mfupa ukivunjika, matone yake huingia kwenye damu, yakanasa mapafuni. Mengine hupenya hadi kwenye ubongo na ngozi. Huko huziba vijishipa, kisha huvunjwavunjwa kuwa asidi zinazoviunguza. Ndiyo maana mgonjwa huanza vizuri, halafu hubadilika kati ya saa 24 na 72. Wengine hupata degedege, wengine hupoteza fahamu kabisa. Na picha ya CT ya kichwa inaweza kutoka safi kabisa. MRI, picha ya sumaku, ndiyo huonyesha nukta zilizotapakaa kama nyota.

Kwa Kiingereza huitwa fat embolism, na si ugonjwa mpya. Daktari Mjerumani Zenker aliyaona mafuta haya kwenye mapafu ya maiti mwaka 1862. Dawa ya kuyayeyusha haipo. Mgonjwa husaidiwa kupumua mpaka mwili umalize kazi, na wengi akili huwarudia. Wangu ilimchukua siku tano.

Kinachopunguza hatari ni kuutuliza mfupa mapema: gango pale pale barabarani, chuma cha kuushikilia mfupa bila kuchelewa. Sisi tunampakia majeruhi kwenye bodaboda nyingine, mguu unaning'inia, halafu analala wiki mbili akingoja ndugu wachange hela ya chuma.

Lakini kinachoniuma zaidi ni lile "tu". Aliyekaa kando ya kitanda ndiye anayejua jana mgonjwa aliongea vipi. Nilikuja kuliona faili lake baadaye. Mchana ule kumeandikwa: "Mgonjwa anasumbua."